Bawa la Kushoto la Nyange

Elia na wenzako wote pale gereji,

Mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla hayajanitoka kichwani. Nimekubali kwa sababu moja tu: nisipoandika, mtakuja kuwaambia watu kwamba Mzee Simbeye alikuwa fundi wa puti, wa kufukia mabonde ya bati badala ya kuyanyoosha, na hilo sitalivumilia hata nikiwa kaburini. Nimenyoosha bodi za magari hapa Tunduma tangu siku ambazo gari likipita watu walitaja jina la mwenye nalo, mpaka siku hizi ambazo foleni ya malori inaanzia mpakani na mwisho wake hauonekani. Nyundo imeninyang'anya sikio moja na bega moja. Vingine vyote bado ninavyo.

Nilipata nini na nilikosa nini, hayo ni yangu na mke wangu. Nataka kuwaandikia habari za gari moja, lile mnaloliita Nyange, kwa sababu ndilo lililonifundisha kazi, na ndilo lililonitia aibu kuliko yote. Mnalifahamu likiwa limeshapendeza. Mimi nalifahamu tangu likiwa halina nyuma.

Nilianza kazi katikati ya miaka ya themanini, ruksa ya kufanya biashara ilipokuwa ndiyo kwanza inaanza kusikika. Sikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina mke, na nilikuwa nimechoka kupalilia mahindi ya baba. Nikaenda kwa Mzee Kibona, Mndali wa Ileje, aliyekuwa na gereji ya mabanzi karibu na barabara ya mpakani. Mzee huyo alijifunzia kazi kwenye migodi ya shaba kule Zambia, akarudi na vitu vitatu: nyundo ya kichwa cha mviringo, mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, na tabia ya kutomsifia mtu. Madereva wa Kizambia walimwita ba Kibona kwa heshima, na walikuwa wanavua kofia kabla ya kumwonyesha walipogonga.

Siku ya kwanza hakunipa nyundo. Alinipa madigadi ya lori, lile bati la juu ya tairi, na leso yake.

“Iko vipi hiyo?” akaniuliza.

“Naona imenyooka, mzee.”

“Hapa usiniambie umeona. Niambie umegusa.”

Akaitandaza leso juu ya bati, akaweka kiganja juu yake, akakipitisha taratibu kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa. Kitambaa kinateleza, ngozi haikwami, na kidole kinapata nundu ndogo kama punje ya mchele chini ya mkeka. Wiki nzima nilishinda napapasa madigadi. Mke wangu aliponiuliza kazi nimejifunza mpaka wapi, nikamwambia bado napapasa. Alicheka mpaka akakaa chini.

Puti wakati huo ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, na ilipoanza kuingia madukani Mzee aliiita uji. Bati likivutika, alilipasha moto wa gesi mpaka liwe jekundu kwa upana wa sarafu, akaligonga mara mbili tatu, kisha akalizima kwa kitambaa cha maji. Linajikunja lenyewe, linakaza. Nyinyi mnakandika gari kama watu wanaokandika nyumba ya udongo, halafu mnashangaa mvua ikinyesha linabanduka. Nimesema, naendelea.

Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu kazini alipokuja Mzee Nzowa, mkulima wa kahawa wa Isansa. Alikuja na gari dogo la Kiingereza, jeupe, la miaka ya sitini, likiburutwa na trekta. Alilinunua likiwa limegongwa nyuma, buti limeingia mpaka kwenye kiti. Mtu mwingine angetaka linyooshwe liwe kama zamani. Yeye alitaka jambo jingine kabisa.

“Kibona,” alisema, “binti yangu Tabitha anaolewa baada ya mavuno. Nataka gari ambalo bibi harusi akipita nalo, aliye shambani aache jembe aje barabarani.”

Akachora chini kwa kijiti. Paa la nyuma likatwe, liwe na mfuniko wa kusukuma, bibi harusi aweze kusimama aonekane. Taa za mbele ziwe nne. Juu ya boneti kikae kitawi cha kahawa cha shaba, na punje zake. Na nyuma, gari liote mabawa mawili, marefu, yaliyochongoka kwenda juu. Mzee Kibona aliuzunguka ule mchoro mara tatu. Nikajua amekwisha kuukubali, kwa sababu kazi asiyoitaka alikuwa anaikataa kabla mtu hajamaliza salamu.

Bati jipya halikuwepo. Tulikuwa tunapasua mapipa ya oili, tunayakunjua, tunayapiga mpaka yalale. Mzee alinituma nikatafute mapipa mawili, na aliniagiza kwa maneno machache: “La oili ya injini tu. Bati lililokunywa oili miaka mingi halioti kutu. Lingine lolote usiniletee.”

Pipa la kwanza nililipata siku ya pili kwenye yadi ya malori. La pili nililitafuta siku nne. Mapipa yalikuwa ni mali siku hizo. Watu waliyawekea maji, mahindi, pombe. Siku ya tano nilikuwa nimechoka na nimeona haya kurudi mikono mitupu. Ndipo nikakuta lori limetoka Ivuna, na juu ya magunia ya chumvi kuna bati la pipa limekwishapasuliwa, limelala kama mkeka. Huko Ivuna walikuwa wanachemshia humo maji ya chumvi. Dereva alikuwa analitupa. Mimi nikaona nimeokoa siku nzima ya kulipasua na kulikunjua.

Nililiosha mtoni. Nikalisugua kwa msasa mpaka likang'aa. Halafu, na hapa ndipo ninapotaka mnisome vizuri, nikalipaka oili chafu pande zote mbili ili lifanane na lile la kwanza na linuke kama lile la kwanza. Uzembe ulikuwa kulichukua. Uongo ulikuwa ile oili. Mzee akaligusa, akanusa vidole vyake, akasema, “Haya.” Nami nikafurahi.

Bawa la kulia likatoka pipa la oili, la kushoto likatoka bati la Ivuna. Wiki sita tulipiga kwenye mfuko wa mchanga. Mzee alipiga, mimi nikashikilia. Baadaye nikapiga, yeye akagusa. Hakuna kijiko hata kimoja cha puti kilichoingia kwenye lile gari. Tulipolipaka rangi nyeupe na kulitoa nje, wanawake waliokuwa wanavuka kwenda sokoni walisimama na mizigo yao kichwani. Mmoja akasema, “Limekuwa nyange kabisa.” Jina la ndege huyo mweupe likashika palepale. Mzee Kibona akaniangalia, akasema, “Leo umefanya kazi.” Hiyo ndiyo sifa niliyopata kwake kwa miaka yote, na sikustahili nusu yake.

Tabitha akaolewa. Alisimama kwenye lile paa kutoka Isansa mpaka kanisani Vwawa, na kweli watu waliacha majembe. Baada yake kila aliyeolewa kwa heshima upande huu alitaka Nyange. Gari lilienda Mlowo, likaenda Tunduma, likavuka hata mpaka kumchukua bibi harusi wa Nakonde. Kwenye maonyesho ya wakulima lilipitishwa mbele ya trekta, na trekta lenyewe lilikuwa jipya.

Baada ya mvua ya pili, rangi ya bawa la kushoto ikaanza kuvimba. Mnalijua lile povu la kutu, linakuja kama upele. Mzee Nzowa akalirudisha gari, siku ambayo gereji ilikuwa imejaa watu.

“Kibona, kazi yako imeoza,” alisema. Hakupaza sauti, lakini kila mtu alisikia.

Mzee akapiga magoti, akakwaruza, akaangalia mshono alipochomelea. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Nilijua. Kabla hajakwaruza nilishajua, maana chumvi ikishaingia kwenye chuma haitoki kwa msasa. Nilisubiri anitazame ili niseme. Hakunitazama. Alisema, “Ni mshono wangu. Niliunguza bati.” Akakata sehemu ile, akaweka kiraka bila malipo. Mvua iliyofuata kutu ikazuka pembeni ya kiraka. Akarudia tena. Ikazuka tena.

Mara ya tatu hakukwaruza. Alikaa juu ya tairi, akaviangalia viganja vyake, akaniambia, “Simbeye, mkono wangu umekufa. Zamani mkono wenyewe ungeniambia.” Na toka siku hiyo akawa hajiamini. Alikuwa akigusa madigadi mara tatu, mara nne, kisha ananiita nami niguse. Haukupita mwaka akasema anarudi kwao Ileje kulima. Akaniachia gereji, mfuko wa mchanga na ile nyundo. Mimi ndiye niliyembebea sanduku lake mpaka stendi.

Kwa hiyo mkisikia watu wanasimulia jinsi nilivyorithi gereji kwa sababu nilikuwa mwanafunzi bora, sasa mnajua. Nilikuwa ndiye mwanafunzi pekee, na mwongo.

Miaka ikaenda. Mpaka ukafunguka, malori yakaja, yakagongana, tukashiba. Nilinyoosha vichwa vya malori vilivyokunjamana kama karatasi. Niliwafundisha watu, na wewe Elia ukiwa mmoja wao, mbishi kuliko wote. Kila mmoja nilimpa leso siku ya kwanza. Na kila nilipotoa leso nilimkumbuka mwenye leso, nikasema nitaenda Ileje baada ya mvua, na mvua zikapita zaidi ya ishirini.

Ndipo akaja Tabitha. Wewe Elia ulikuwepo, ulimkaribisha kiti. Alikuwa mama mtu mzima sasa, baba yake alikwishafariki, na yeye alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho. Nyange alilikuta kwenye banda la mashine ya kumenyea kahawa, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma.

“Baba Simbeye,” aliniambia, “nataka mwanangu asimame niliposimama mimi. Lakini usimwite yule Kibona. Baba mpaka anakufa alikuwa anasema Kibona aliliharibu gari lake.”

Nikamwambia akae vizuri. Nikamweleza yote, kuanzia lori la chumvi mpaka stendi. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema kwa mdomo wangu, na nilikuwa na miaka zaidi ya hamsini.

“Kwa hiyo baba alimchafulia jina mtu asiye na kosa,” alisema.

“Baba yako hakujua. Mimi nilijua.”

“Basi litengeneze,” alisema, akainuka. “Gari, na hilo lingine.”

Tulipokwangua rangi mlikusanyika wote. Bawa la kulia lilikuwa zima, unaligonga kwa kucha linalia. La kushoto lilikuwa chujio. Elia, ulisema tuzibe matundu kwa faiba, tupake, tumalize ndani ya siku mbili, hakuna atakayejua. Nilikukaripia vibaya sana, ukanuna mpaka jioni. Sikukueleza wakati ule kwa nini. Neno hilo la hakuna atakayejua nilishalisema mimi, mtoni, nikiwa na msasa mkononi.

Nilitafuta pipa la oili ya injini. Mwaka huo maduka yalikuwa yamejaa bati jipya la kila unene, nami mzee mzima nazunguka yadi za malori nikinusa mapipa. Mlinicheka, niliwaona. Nikalipasua mwenyewe, nikalikunjua, nikaketi mbele ya mfuko wa mchanga, nikapiga kwa wiki tatu. Kila asubuhi nilitandaza leso juu ya bawa la kulia, nikaligusa mpaka mkono ukakariri, kisha nikaenda kwenye langu. Hapo ndipo bega lilipokufa, na silijutii. Siku nilipochomelea mshono wa mwisho, nikasugua na kugusa, mkono ulipita kutoka mwanzo mpaka ncha bila kukwama popote. Nasema wazi: sijawahi kuona bawa la gari zuri kama lile, na nimeona magari mengi. Tukatengeneza injini, viti, taa nne. Kitawi cha shaba tulikisugua kwa majivu na ndimu mpaka punje zikaonekana. Tukapaka rangi nyeupe mara tano.

Zikiwa zimebaki siku tisa harusi ifike, nikapanda Nyange peke yangu, nikaenda Ileje. Barabara ya milimani ilikuwa ya vumbi na mawe, na kila jiwe lililoruka nilisimama nikaikagua rangi. Watoto walinikimbilia kijiji kwa kijiji.

Mzee Kibona nilimkuta kibarazani anapukuchua mahindi. Amekuwa mdogo, lakini macho yalikuwa mazima. Aliliangalia gari kabla ya kuniangalia mimi. Nikamwamkia, nikakaa kwenye gogo, na sikusubiri hata maji ya kunywa.

“Mzee, bawa la kushoto nililitengenezea bati la chumvi. La Ivuna. Nililipaka oili usilijue. Mkono wako haukuwa na kosa. Mshono wako haukuwa na kosa. Nilikuwa mimi.”

Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu. Akalitupa.

“Ulinibebea sanduku,” alisema.

“Ndiyo, mzee.”

“Mpaka stendi. Ukasubiri na mimi pale. Ukaniacha nipande basi.”

Akainuka, akaingia ndani. Nilibaki nje na mkewe, ambaye alinitazama jinsi mtu anavyomtazama mbwa aliyekula mboga. Nililia, na sioni haya kuliandika hilo. Nilifikiri ndiyo basi, na nilikuwa natafuta funguo nigeuze gari niondoke, alipotoka. Mkononi ana leso.

Aliitandaza juu ya bawa la kushoto, akaweka kiganja, akaanza kwenye taa. Akapita taratibu sana. Karibu na ncha akasimama, akarudi nyuma kidogo, akasimama tena.

“Hapa,” alisema.

Nikagusa. Sikupata kitu.

“Hapa, Simbeye. Una viatu mkononi? Nyundo yangu iko wapi?”

Ilikuwa kwenye buti. Niliibeba nikiwa na nia ya kumrudishia, sikufikiria kwamba ataitumia. Akafungua buti, akaingiza mkono kwa ndani, akaniambia nishikilie chuma kwa nje. Akapiga mara tatu. Si kwa nguvu. Kama mtu anayebisha hodi nyumba ya jirani. Rangi yangu mpya, ile ya mara tano, ikapasuka ikaanguka chini vipande.

Akagusa tena, akakunja leso, akaitia mfukoni. “Sasa limenyooka,” alisema. Halafu akaviangalia viganja vyake, kimoja baada ya kingine, akavisugua kwenye suruali. “Mama,” akamwita mkewe, “mpe huyu chakula. Bado nimekasirika, lakini mpe chakula.”

Mpaka leo sina uhakika kama pale palikuwa na nundu. Kama alikuwa ananitia adabu tu, adabu niliipata, maana lile bawa nililipaka upya siku tatu bila kulala vizuri. Lakini nilipoligusa baada ya nyundo yake, naapa, palikuwa tofauti.

Siku ya harusi Mzee Kibona alikaa kiti cha mbele, suti ya zamani, leso mfukoni. Binti wa Tabitha alisimama nyuma yake na shela inapepea. Kanisani Vwawa, kabla watu hawajatawanyika, Tabitha alisimama kwenye ngazi, akasema mbele ya wote: “Gari hili lilitengenezwa na huyu mzee. Marehemu baba alimsema vibaya kwa kutokujua, na mimi mwanawe namwomba radhi.” Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee hakutabasamu. Alinigeukia mimi niliyekuwa kwenye usukani, akasema, “Gia ya pili inalalamika. Hujaisikia?” Nikamwambia sikio hilo halisikii tena.

Alifariki mwaka uliofuata. Nyundo yake aliniachia kwa mara ya pili, na safari hii aliniwekea mkononi mwenyewe. Nimeiacha kwenye msumari ule juu ya mfuko wa mchanga. Elia, ni yako, na ubishi wako nao.

Tabitha ataendelea kuwaletea Nyange kila mwaka kabla ya msimu wa harusi. Mtakwangua, mtapaka, mtasugua shaba. Mtakapofungua buti na kuingiza mkono ndani ya bawa la kushoto, karibu na ncha mtapata alama tatu za nyundo. Mtatamani kuzisawazisha, maana ndivyo nilivyowafundisha. Hizo ziacheni. Zipakeni oili, mfunge buti.